Kuzuru Nchi za Vodun: Mwongozo wa Safari ya Kusini mwa Benin na Togo

Anayetaka kuiona Vodun, dini ya jadi ya pwani hii ya Afrika Magharibi, pale ilipoanzia, aende kusini mwa Benin, kisha avuke mpaka aingie Togo. Huku ndiko ilikoondokea pamoja na watu waliopakiwa merikebuni kupelekwa Haiti, Brazil na Cuba. Haiti yenyewe, ambayo Wakenya wengi wameijua kwa habari za askari wao waliopelekwa Port-au-Prince mwaka 2024, kwa sasa si mahali pa kwenda kutembea, kwa hiyo mwongozo huu hauigusi.

Njia ninayoipendekeza inaanzia Cotonou, inapitia Porto-Novo, inapanda hadi Abomey na Savalou, inarudi baharini Ouidah na Grand-Popo, halafu inaishia Lomé. Kwenye ramani ni safari fupi: kutoka Cotonou hadi Lomé ni kilomita zipatazo 150 tu. Tenga siku kumi hadi kumi na nne. Barabara hazitakusumbua sana. Kitakachoamua kama umeiona Vodun au umeonyeshwa tu ngoma za watalii ni mtu aliyekufikisha mlangoni, na ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko ya viza.

Hatua ya 1: Chagua majira

Januari ndio mwezi unaotajwa na kila mtu, kwa sababu ya sikukuu ya taifa ya dini za jadi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa tarehe 10. Sikukuu hiyo haikupatikana bure. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mathieu Kérékou, uliofuata siasa za Kimarx, uliwaandama makuhani wa Vodun. Baada ya mageuzi, Rais Nicéphore Soglo akaruhusu tamasha kubwa lililoitwa Ouidah 92, ingawa lilifanyika Februari 1993. Mwezi huohuo Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Benin akakutana na wakuu wa Vodun. Mwaka 1996 dini hiyo ikatambuliwa rasmi, na muda si mrefu ikapata siku yake.

Tangu 2024 serikali imeikuza siku hiyo ikawa Vodun Days, sherehe za siku kadhaa mjini Ouidah, zenye majukwaa, taa na wanamuziki wa kulipwa. Tarehe husogea kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo thibitisha kabla ya kukata tiketi. Uzuri wake ni kwamba utaona vinyago na ngoma za koo nyingi mahali pamoja. Ubaya ni kwamba nyumba za wageni zinajaa, bei zinapaa, na kuhani mwenye wageni mia hana nafasi ya kukaa na wewe. Ningekuwa wewe ningefika siku ya mwisho ya sherehe kisha nibaki wiki inayofuata, kwa kuwa vijiji navyo huendelea na yao bila kamera nyingi.

Novemba hadi Machi ni kiangazi. Upepo wa harmattan huleta vumbi la jangwani na kupasua midomo, basi beba mafuta. Aprili hadi Julai mvua ni kubwa na njia za vijijini huwa tope. Ukivutiwa zaidi na Togo, lenga mwisho wa Agosti au Septemba, kwa sababu nitakayoieleza nikifika Glidji.

Hatua ya 2: Karatasi, chanjo na pesa

Mwenye pasi ya nchi ya Afrika haombi viza ya Benin kwa ziara fupi. Ni moja ya nchi chache barani zilizofungulia Waafrika wote. Ndugu zetu wenye pasi za Ulaya au Marekani wanaomba kwa mtandao. Togo ina utaratibu wake, nao hufanywa kwa mtandao kabla ya kufika, kwa hiyo usidhani ruhusa ya Benin itakuvusha. Nchi zote mbili zinadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano ambayo wengi wetu tunayo tayari. Malaria ya huku ni kali. Kukulia Kigoma au Kisumu si kinga, nunua dawa.

Pesa ni faranga ya CFA, ileile pande zote mbili za mpaka. Usitegemee M-Pesa. Toa fedha kwenye mashine Cotonou, kisha vunja noti kubwa mapema, kwa maana huko mbele utalipa kidogo kidogo: mlangoni, kwa mpiga ngoma, kwa mzee aliyekupa kiti. Anayetoa noti ya elfu kumi kijijini hujikuta ameitoa yote.

Kifaransa ndicho lugha ya ofisini na ya hotelini. Mitaani Cotonou, Ouidah na Abomey utasikia Kifon, Porto-Novo Kigun na Kiyoruba, Togo Kiewe na Kimina. Benin iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili, na Togo kwa tatu, kwa hiyo siku ya kuvuka mpaka utaongezewa saa moja.

Usafiri wa mjini ni zemidjan, bodaboda za Cotonou ambazo madereva wake huvaa mashati ya njano. Patana bei kabla hujapanda. Kati ya mji na mji kuna teksi za kushiriki, ambazo haziondoki mpaka zijae, na maana yao ya kujaa si maana yako. Kundi la watu watatu au wanne likikodi gari na dereva kwa njia nzima linaokoa muda mwingi. Usipange kwenda kaskazini kabisa, kwenye mbuga za Pendjari na W: makundi yenye silaha yamefika huko, na kwa shughuli yetu hakuna unachokikosa.

Hatua ya 3: Mtafute wa kukuingiza

Mgeni ni kuku mweupe. Utaonekana kabla hujashuka kwenye pikipiki, na kabla hujafungua kinywa watu watakuwa wameshajiuliza umekuja na nani. Ukija na mtu anayejulikana, utapewa kiti. Ukijipeleka, utapelekwa upande wa watalii, utalipa, utapiga picha, utaondoka.

Mwongoza watalii wa kweli unamjua kwa maswali. Muulize familia yao inatumikia vodun gani, yaani mungu gani. Mtu wa Ouidah au Abomey atakuwa na jibu, hata kama Jumapili anasali kanisani, kwa kuwa huku si ajabu mtu kuwa na vyote viwili. Muulize pia ni mambo gani hutaruhusiwa kuyaona. Anayekuahidi kila kitu, sherehe za siri, usiku wa manane, chumba cha ndani, huyo anakuuzia maigizo. Mwenye kujua atakuhesabia makatazo kwanza: hapa viatu nje, hapa mabega wazi na kitambaa kiunoni, hapa mwanamke aliye katika siku zake haingii, hapa hata yeye mwenyewe haruhusiwi.

Patana naye bei ya siku nzima na uulize waziwazi nani atalipa zawadi. Kila mlango una zawadi yake. Mara nyingi ni chupa ya pombe kali, kokwa za kola na fedha kidogo. Pombe inayopendwa ni sodabi, inayokenekwa kutokana na tembo la mchikichi, na anayeijua gongo au chang'aa ataitambua kwa harufu. Sehemu humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, sehemu hunywewa. Kama dini yako hairuhusu pombe, sema mapema. Utapewa kikombe ukiguse na midomo au umpe jirani, na hakuna atakayeudhika.

Ukiketi mbele ya mkuu wa nyumba, jitambulishe kwa ukoo na kwa nchi, na useme ukweli kuhusu dini yako. Nimeona Waislamu na Walokole wakipokewa vizuri kabisa kwa kusema tu walivyo. Anayepokewa vibaya ni yule anayeanza kwa kuuliza kama wanaweza kumroga mtu. Swali hilo huku ni tusi. Makuhani hujiona walinzi wa mji dhidi ya wanaoroga.

Picha nazo ni za kuomba, na ruhusa ya mtu mmoja haimfungi mwingine. Mtu aliyepandwa na vodun wake hapigwi picha bila ruhusa ya wanaomhudumia, na akikukaribia rudi nyuma kimya. Wapo watu waliowekwa kumtunza. Utaona pia kuku au mbuzi akichinjwa, tena karibu. Kama umesafiri na watoto au moyo wako hauwezi, mwambie kiongozi wako akupeleke kando kabla kisu hakijatoka, si baada ya hapo.

Hatua ya 4: Jua ni nani anayeabudiwa

Usiende bila majina, maana utakuwa unatazama sanamu tu. Wafon humtaja muumba Mawu-Lisa, wawili katika mmoja, mwezi na jua. Huyo yuko mbali na watu hawamsumbui sana. Wanaoshughulikia maisha ya kila siku ni vodun wenyewe: Hevioso wa radi, Sakpata wa ardhi, ambaye ndui ilikuwa fimbo yake, Gu wa chuma, Dan nyoka wa upinde wa mvua, Mami Wata wa maji. Madereva, wahunzi na mafundi magari ni watu wa Gu. Jina la Sakpata wengi hukwepa kulitamka na humwita mwenye ardhi.

Legba mjue kuliko wote. Yeye ndiye mlinzi wa malango na mbeba maneno kati ya watu na vodun, na bila yeye kutangulia hakuna ibada inayoanza. Utamwona nje ya nyumba: kichuguu cha udongo chenye macho ya kauri za baharini, mara nyingi na uume mkubwa wa mti, kimelowa mawese na manyoya ya kuku. Usimguse, usimkalie, usimchekee mbele ya wenyewe.

Kuhani mwenye vodun huitwa vodunon. Vodunsi ni mwari aliyetawishwa, akafunzwa lugha, nyimbo na miiko ya vodun wake, akatoka na jina jipya. Wengi wao ni wanawake. Bokonon ni mpiga ramli. Kwa Kifon utakaribishwa kwa "kuabo," na asubuhi utaulizwa "a fon ganji a?", yaani umeamka salama? Shukuru kwa "awanu." Maneno hayo matatu yatakufungulia mengi kuliko Kifaransa kizuri.

Hatua ya 5: Porto-Novo na Abomey

Porto-Novo, mji mkuu rasmi, iko karibu na Cotonou kiasi cha kwenda asubuhi na kurudi jioni. Itazame ikulu ya mfalme Toffa, sasa jumba la makumbusho la Honmè, na msikiti mkuu wa zamani uliojengwa kwa sura ya makanisa ya Bahia na watu waliorudi kutoka Brazil. Jambo moja la kuzingatia: katika miji ya Wayoruba ya upande huu kuna siku za Oro, ibada ya wanaume peke yao, ambazo mwanamke yeyote, mgeni au mwenyeji, hatakiwi kuwa nje. Si mzaha na hakuna msamaha wa utalii. Dada zetu waulize hotelini siku hiyohiyo wanayofika.

Abomey inataka siku mbili. Ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Dahomey, na majumba yake ya kifalme yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1985. Kuna ukarabati na ujenzi wa makumbusho mapya, kwa hiyo uliza ni ua gani uko wazi kabla hujalipa. Kuta za udongo zina picha za kuchongwa za alama za wafalme: merikebu ya Agadja, nyati wa Ghézo, simba wa Glèlè, papa wa Béhanzin, aliyepigana na Wafaransa akahamishwa Martinique na kufia Algiers mwaka 1906. Novemba 2021 Ufaransa ilirudisha vitu 26 vilivyoporwa katika vita hivyo, vikiwemo viti vya enzi na sanamu kubwa za wafalme. Sanamu maarufu ya chuma ya Gu haimo kati ya hivyo; imebaki Paris.

Kinachonivutia Abomey ni namna ufalme ulivyoishi na vodun. Agadja alipouteka ufalme wa Hueda, wenye makao Savi jirani na Ouidah, mwaka 1727, Dahomey haikuitupa miungu ya walioshindwa. Iliichukua, ikaijengea nyumba, ikaiweka chini ya mfalme. Mawu-Lisa mwenyewe inasemekana aliletwa Abomey na Hwanjile, mama mkuu wa kasri la mfalme Tegbesu. Ndiyo maana kila mtaa utakaoutembea una hekalu la asili tofauti, na mzee wa kila moja atakuambia lilikotoka.

Nunua hapa kama unataka kununua kitu. Mafundi wa vitambaa vya kushonea picha ni kizazi baada ya kizazi cha walioshonea wafalme, na unaweza kukaa ukawatazama wakikata simba kwa mkasi bila kuchora mstari.

Chakula cha njia hii hakina taabu kwa mtu wa ugali. Akassa ni unga wa mahindi uliochachushwa, amiwo ni sima nyekundu iliyosongwa kwa mchuzi wa nyanya, na ukifika Bohicon au Dassa omba kiazi kikuu cha kutwanga na jibini la Wafulani. Pilipili wanaweka wao kwanza, kisha wanauliza.

Hatua ya 6: Dankoli

Nje ya mji wa Savalou, kando ya barabara, pana kilima cheusi kinachong'aa mafuta, kimechomwa vigingi vya mti kila upande. Huyo ndiye vodun Dankoli. Hapa huhitaji kuhani wa kati. Kila mtu humsemesha mwenyewe. Unanunua vigingi, mawese na sodabi. Unapigilia kigingi huku ukisema haja yako, unamwagia mawese, unachukua sodabi mdomoni na kuitema juu yake mara tatu. Halafu unataja utakachomletea ikitimia.

Hapo kwenye ahadi ndipo watu hujitia kitanzi. Deni la Dankoli hulipwa, na anayeahidi ng'ombe kwa furaha ya safari atajiuliza baadaye amtume nani. Kama unataka kushiriki, ahidi kitu ambacho kiongozi wako anaweza kukupelekea ukimtumia fedha. Kama hutaki, simama pembeni. Wengi hufanya hivyo. Uangalie na viatu vyako, kwa kuwa mafuta yanatiririka hadi njiani na damu ya mbuzi wa jana huenda haijakauka.

Hatua ya 7: Ouidah, nenda kwa miguu

Kutoka Cotonou ni kama kilomita 40. Wengi huja asubuhi na kurudi jioni, nao hukosea. Lala hapa angalau mara mbili.

Anza na hekalu la chatu, lililo uso kwa uso na kanisa kubwa la Wakatoliki. Nyoka wake ni chatu wadogo wasio na sumu, na utavishwa mmoja shingoni upige picha. Hiyo ni sehemu ya kitalii, ifurahie upite. Ya maana zaidi ni kwamba mjini chatu haguswi kwa ubaya: wa hekaluni hutoka usiku kutafuta chakula, na anayemkuta nyumbani kwake humrudisha kwa heshima.

Kisha msitu wa Kpassè. Inasimuliwa kwamba mfalme Kpassè, mwanzilishi wa mji, hakufa bali aligeuka mvule, na mti huo unaonyeshwa mpaka leo. Unagusa shina, unaweka sadaka, unanuia. Chini ya miti mmesimamishwa sanamu za vodun, nyingi zikiwa kumbukumbu ya lile tamasha la 1993, na hapa ndipo majina uliyojifunza yanapopata sura. Waliozoea kaya za Wamijikenda watauelewa utaratibu wa mahali hapa bila kuelezwa: kuna njia ya wageni, na kuna upande usiokwenda.

Njia ya Watumwa itembee mapema kabla ya jua kali. Ni kama kilomita nne za mchanga kutoka uwanja ulipokuwa mnada, karibu na nyumba ya ukoo wa Francisco Félix de Souza, mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil aliyefariki 1849 na ambaye kizazi chake bado kinaishi mjini. Kando ya njia zimesimama sanamu za Cyprien Tokoudagba, msanii wa Abomey. Utapita mahali pa mti wa usahaulifu, ambapo inaelezwa wanaume walizungushwa mara tisa na wanawake mara saba ili wasahau kwao. Mwisho ni bahari na Lango la Kutorudi, lililojengwa miaka ya 1990. Usiende na kundi lenye haraka. Mwambie dereva akungoje ufukweni.

Njiani angalia kauri: kwenye macho ya Legba, shingoni mwa wari, ukutani. Zilikuwa fedha ya Dahomey, na nyingi hazikutoka bahari hii. Mwanzoni zililetwa kutoka Maldivi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg na Marseille waligundua kwamba pwani ya Zanzibar inazo kwa bei ya bure, wakazipakia kwa matani na kuja kununulia mawese huku pwani ya Guinea, mpaka thamani yake ikaporomoka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kauri ya madhabahuni iliokotwa na mtu wa Mafia au Bagamoyo.

Hatua ya 8: Ukitaka kupigiwa Fa

Fa ni ramli ya huku, na Abomey na Ouidah zote zina mabokonon wazuri. Mwachie kiongozi wako achague, lakini asikae ndani kama hutaki asikie. Utavua viatu na kuketi mkekani. Utapewa kauri au sarafu, utaisogeza karibu na midomo na kuinong'oneza shida yako, kisha utaiweka chini. Bokonon haulizi umesema nini. Anashika mnyororo wenye vipande vinane vya kokwa, anaugusisha kwenye ile sarafu, anaurusha. Nne zinaangukia kulia, nne kushoto, kila kimoja kifudifudi au chali. Anaitazama, anaandika alama, anarusha tena.

Alama kuu ni 16, na zikiungana mbilimbili zinakuwa 256, kila moja na visa, nyimbo na miiko yake. Mtu wa Lamu au Unguja anayeijua ramli atakaa sawa hapo, kwa sababu ramli nayo ina maumbo 16, kila moja la mistari minne ya nukta moja au mbili. Wataalamu wameandika mengi kuhusu undugu wa Fa na elimu ya ramli ya Waarabu. Muulize bokonon akuchoree alama yako uwaonyeshe wazee nyumbani.

Mwisho atataja kafara: njiwa, mahindi, kitambaa, labda mbuzi. Bei ya kupigiwa na bei ya kafara ni vitu viwili; zipatane mbalimbali, ya kwanza kabla hujaketi. Una haki ya kusikiliza alama yako, kushukuru na kuondoka bila kafara. Akianza kukuambia kwamba hutafika nyumbani hai usipolipa fungu kubwa leo, inuka.

Hatua ya 9: Vinyago, Grand-Popo

Egungun ni wahenga waliorudi, kwa desturi ya Wayoruba. Wamefunikwa nguo nzito za kumetameta kuanzia kichwani hadi nyayoni, hakuna ngozi inayoonekana, na sauti yao ni ya kukwaruza. Hutimua mbio ghafla kuelekea watazamaji. Nguo zao hazitakiwi kukugusa, na vijana wenye fimbo wapo kwa kazi hiyo. Simama nyuma ya wenyeji. Wakikimbia, kimbia nao.

Zangbeto ni wengine kabisa. Ni walinzi wa usiku, na katika vijiji vya Grand-Popo na Porto-Novo bado wana neno katika wizi na ugomvi. Mchana wa sherehe utaona tita la majani makavu lenye rangi, refu kuliko mtu, likizunguka uwanjani kama pia, mpaka vumbi linafunika ngoma. Linatulia. Wasaidizi wanakuja wanne, wanalishika pande zote na kulipindua chali mbele ya watu wote. Ndani mtupu. Wanalisimamisha, linaanza tena kuzunguka. Mara nyingine likipinduliwa hutoka kobe, au mamba mdogo anayekodoa macho. Usiulize kwa sauti mtu alijificha wapi, na usiiname kuchungulia. Tunza fedha kwa wapiga ngoma, kaa, tazama.

Grand-Popo ni pwani tulivu na nzuri ya kupumzikia, ila bahari yake usiiogelee. Mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana.

Hatua ya 10: Togo na mizigo ya kurudi

Mpaka ni Hillacondji. Tembea na pasi na kadi ya njano mkononi, usimpe mtu asiye na sare akusaidie. Baada ya mpaka tu kuna Aného na, jirani yake, Glidji, ambapo kila mwaka Waguin hutoa jiwe takatifu msituni na rangi yake husomwa kama habari ya mwaka ujao. Jiwe jeupe watu hushangilia. Ukipanga safari ya mwisho wa Agosti au Septemba, hii ndiyo sababu, na uwanja hujaa watu waliovaa nyeupe tangu alfajiri.

Togoville iko ng'ambo ya ziwa Togo, unavuka kwa mtumbwi. Mjerumani Gustav Nachtigal alisaini na wakuu wa hapa mkataba wa Julai 1884 ulioipa nchi nzima jina la kijiji. Pana madhabahu za vodun, na pana kanisa la Bikira Maria wa Ziwa alipofika Papa mwaka 1985. Nusu siku inatosha.

Lomé ina soko la Akodessewa, linalosifiwa kuwa soko kubwa kuliko yote la dawa za Vodun. Unalipa kiingilio na kupewa mtu wa kukutembeza. Juu ya meza kuna vichwa vya nyani, mamba, ndege na mbwa, vimekauka, na harufu yake hubaki kwenye nguo. Wauzaji wengi asili yao ni Benin. Watakualika ndani, watakuuliza jina, watakutolea hirizi ya safari na hirizi ya mapenzi, na bei itatajwa na kauri zikirushwa. Kauri hushuka bei ukisimama kuondoka.

Chochote chenye ngozi, pembe, jino, fuvu au manyoya kiache mezani. Biashara ya viungo vya wanyamapori imefungwa na mikataba ya kimataifa, na Nairobi au Dar es Salaam maelezo kwamba ni dawa ya jadi hayatakusaidia. Kitambaa cha Abomey, kengele ya chuma na ngoma isiyo na ngozi vinapita bila maneno. Sodabi ifungwe vizuri ndani ya begi la kukabidhi. Ukiishika mkononi itaishia kwenye pipa la ukaguzi hapohapo Lomé.